Pete ya Bati

Kilichoanza ni vumbi la mbao kitandani, upande wa mke peke yake.

Sasa mtaniambia, kitanda cha seremala kukutwa na vumbi la mbao ni habari gani. Hata mke mwenyewe alifikiri hivyo siku ya kwanza. Alikung'uta shuka, akagomba kidogo, yakaisha. Siku ya pili lipo tena, laini kama unga, limetandazwa kuanzia kichwani hadi miguuni, na katikati ya kitanda limekatika kwa mstari ulionyooka kabisa. Upande wa mume, ambaye ndiye anayeshinda na mbao kutwa, hakuna hata punje. Siku ya tatu alimwita aje aone. Mume akaja, akachota kidogo kwa vidole viwili, akanusa.

"Msaji," akasema. "Tena umekatwa na meno makali."

Akarudi zake kibandani. Ndivyo alivyokuwa siku hizo. Ungemwambia nyumba inaungua, angekuuliza inaungua mbao gani.

Mke alikuwa mshonaji, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, Mshonaji, kama mumewe alivyoitwa Fundi. Watoto wao walishakua wakaenda kujitegemea. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani yake. Nyuma, ng'ambo ya uani, kilikuwepo kibanda cha mume, paa la mabati na dirisha moja pana. Miaka ishirini na sita walifanya kazi hivyo, cherehani huku na randa kule, wakiitana kwa sauti chai ikiwa tayari. Mshonaji aliyapenda maisha hayo. Hakuwahi kuyataka mengine.

Kisha ukaja ule msumeno.

Aliyeutoa ni mjane wa mzee mmoja aliyemfundisha Fundi useremala zamani. Ulikuwa msumeno wa mkanda, wa kale, chuma kitupu kilichomiminwa wakati ambao watu hawakuwa wabahili wa chuma: magurudumu mawili makubwa, moja juu na moja chini, na utepe wa meno unayazunguka usiku na mchana ukitaka, kwa kuwa hauna mwanzo wala mwisho. Umesimama kumzidi mtu kimo, na shingo yake imepinda kwa mbele kama mtu anayekusikiliza. Mjane hakutaka chochote. Alisimama mlangoni akiwatazama wanaume wanane wanavyohangaika kuupandisha kwenye mkokoteni, kisha akamuuliza Fundi swali moja.

"Mwanangu, una mke?"

"Ninaye, mama."

"Asiwe anaingia unapofanyia kazi."

Fundi akadhani ni mambo ya usalama, utepe na nguo za kina mama. Akashukuru. Kabla mkokoteni haujakata kona, yule mjane alishaanza kupadeki pale ulipokuwa umesimama.

Miezi mitatu Fundi aliuhudumia. Nasema aliuhudumia kwa sababu sina neno lingine. Alikwangua kutu kwa mafuta ya taa na msasa, kipande kwa kipande, mpaka chuma kikatoka chini yake kijivu, kinateleza, cha kutamani kukigusa. Akamwita mkewe aone, mkewe akasimama mlangoni na kipande cha kitambaa begani.

"Mashine za siku hizi ni mabati na plastiki," Fundi alimwambia. "Ukisukuma ubao, nayo inatembea na wewe. Huyu hatikisiki. Weka sarafu imesimama juu ya meza yake, washa, sarafu haianguki."

"Huyu," mkewe akasema.

"Nini?"

"Umesema huyu."

Fundi akacheka, lakini hakujirekebisha.

Sasa nisikilizeni hapa, maana balaa lilipoingilia ni hapa. Mashine za zamani hazina beringi za gololi. Shafti inalala ndani ya kitanda cha madini laini meupe, bati na risasi, ambayo fundi anayayeyusha mwenyewe na kuyamimina palepale, shafti ikiwa mahali pake. Unaipaka shafti moshi wa kibatari isigandamane, unaziba pembeni kwa udongo, unaipasha moto, halafu unamimina kwa mkupuo mmoja. Ukisita katikati, madini yanaganda tabaka mbili na kazi yote imeharibika.

Beringi ya chini ilikuwa imeliwa. Fundi akayeyusha ile ya zamani jikoni kwenye sufuria ya chuma, akaondoa taka juu, akaangalia. Imepungua. Imepungua kidogo tu, kama kijiko kimoja. Shafti imeshapata moto, udongo umeshakauka, makaa yanakaribia kwisha. Akazunguka kibanda kizima akitafuta kipande cha bati, hakuna. Akakimbilia ndani. Mkewe alikuwa amekwenda kupeleka nguo za watu. Juu ya cherehani kulikuwa na kopo la vifungo, na ndani ya kopo, pete.

Pete hiyo aliitengeneza mwenyewe, alipokuwa mwanagenzi asiye na kitu, kwa bati la kulehemu, akalimimina kwenye tundu alilochonga ubaoni. Ndiyo aliyomuolea. Mshonaji aliivaa mpaka vidole vikanenepa kwa kazi na uzazi, ndipo akaivua na kuitia humo, mahali ambapo mkono wake unafika kila siku. Fundi aliijua vizuri. Aliishika, akafikiri, na alichofikiri ni kwamba haimtoshi tena, na bati ni bati, na atamtengenezea nyingine. Akaitumbukiza sufuriani, na kwa mzaha wa mafundi wanaozoea kusema na mashine, akanyanyua upawa na kusema:

"Haya bibi, pokea. Sasa wewe ni wangu."

Akamimina kwa mkupuo mmoja. Wanaume na midomo yao.

Siku alipouwasha, hakusikia kitu. Aliona magurudumu yanazunguka, utepe unashuka kama maji, na kilichosikika ni pumzi tu. Akapitisha ubao wa msaji, ubao ukapasuka unene wa karata, sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Fundi alilia machozi, mtu mzima na ndevu zake. Akaanza kitanda kipya, kitanda ambacho alikuwa amemuahidi mkewe tangu ndoa yao ikiwa changa. Basi akawa hatoki humo. Chai inaitwa, haji. Chakula kinapoa. Akiingia ndani jioni ananukia mafuta ya mashine na kitu kingine juu yake, harufu tamu kama ya nywele za mwanamke aliyetoka kuoga.

Mshonaji aliona wivu. Tuseme ukweli, alikuwa anaungua kwa wivu, na alikuwa anaona haya kumwonea wivu chuma. Angemwambia nani? Alipita uani na beseni la nguo akamwona mumewe kupitia dirishani anapaka mafuta shingo ya msumeno kwa kiganja kitupu, taratibu, bila tambara, na hakukumbuka mara ya mwisho kiganja hicho kupita shingoni kwake. Akaanika nguo. Nguo nyingine alizianika mara mbili kwa kutojua anachofanya.

Siku ya nne ya vumbi, kidole chake cha pete, cha mkono wa kushoto, kilikufa ganzi. Siku ya tano kilikuwa cha baridi kabisa, cheupe kuzunguka pale pete ilipokaa miaka yote, na sindano ilimchoma mpaka damu asihisi. Wiki haijaisha, baridi ikashika kidole cha pili, na cha tatu, na kiganja. Mshonaji asiye na mkono wa kushoto ni mshonaji gani? Vitambaa vya watu vilikaa vimekunjwa juu ya meza, naye anavitazama. Zahanati walimpa vidonge, wakamwambia apumzike. Baridi ikapanda kifundoni.

Adhuhuri moja alimpelekea mumewe chai kibandani, kikombe mkono wa kulia, ule wa kushoto ameufunga kwenye ncha ya khanga upate joto. Fundi alikuwa amepiga magoti kona ya mbali akipima miguu ya kitanda. Mota ilikuwa imezimwa, na ukanda wake wa kuzungushia magurudumu umevuliwa, unaning'inia msumarini; hilo aliliona kwa macho yake, jua likiwa linaingia dirishani lote. Akapita mbele ya msumeno. Gurudumu la juu likasogea. Likasogea tena, polepole, kama mtu anayegeuza uso kumtazama anayepita, na kutoka ndani ya chuma ikatoka ile harufu ya nywele, nzito, imechanganyika na mafuta ya moto, na utepe ukaanza kushuka bila sauti, bila umeme, bila mkono wa mtu, na khanga yake ikavutwa, si kwa upepo, maana upepo hauvuti kwa vidole, ikavutwa mpaka mkono uliofungwa humo ukaanza kwenda na khanga, inchi kwa inchi kuelekea kwenye meno, naye anatupa kikombe, anajirusha nyuma, na khanga inachanika kuanzia pindo hadi kiunoni kwa mstari mmoja ulionyooka.

Utepe ukasimama. Fundi akaja mbio. Mshonaji yuko chini, chai imemwagika, nusu ya khanga iko huku na nusu kule.

Fundi akamruka, akaushika utepe, akaukagua meno.

"Umegusa nini?" akauliza.

Mkewe alinyanyuka mwenyewe, akaenda ndani, akakaa juu ya kiti cha cherehani mpaka jua likapinduka. Kilichomuuma hakikuwa mkono.

Wifi yake, dada wa Fundi, mwanamke wa maneno mengi na moyo safi, alikuja keshoye baada ya kusikia kuwa mkono hauponi. Alipitia mlango wa nyuma kama kawaida yake, akafika uani, akaita.

"Wifi, uko wapi?"

"Niko huku, wifi. Karibu."

Sauti ilitoka kibandani, ya kike, nzuri, yenye mkwaruzo kidogo. Wifi akageuza njia, akasukuma mlango. Kaka yake hakuwamo, alikuwa amekwenda kununua gundi. Hakuwamo mtu. Msumeno umesimama na shingo yake imepinda mbele.

"Mbona husogei karibu," ile sauti ikasema, kutoka chini, kwenye gurudumu la chini. "Si umemwita wifi yako?"

Huyu ndiye mwanamke ambaye msibani wanamwomba apunguze kusema. Siku hiyo alitoka kinyumenyume, akavuka uani bila kandambili moja, akamkuta Mshonaji chumba cha mbele, amekaa, midomo imefumba.

"Wifi," alinong'ona, "kaka yangu ameoa?"

Mshonaji akamtazama, na machozi yaliyokuwa yamegoma wiki nzima yakamtoka. Si kwa woga. Ni kwa sababu mtu mwingine alikuwa ameona pia.

Aliyeletwa ni mkunga mstaafu wa mtaa wa pili. Nusu ya mtaa ilizaliwa mikononi mwake, na mambo mengine ambayo zahanati haiandiki alikuwa anayajua vilevile. Alikuja asubuhi na mkoba wake wa kazi, mwanamke mfupi, mwenye haraka zake. Hakufukiza kitu. Aliingia kibandani, na mbele ya Fundi, Mshonaji na wifi akatoa kile kibomba cha mbao chenye mdomo mpana cha kusikilizia mimba, akakiweka juu ya chuma, akainama, akatega sikio. Akahamisha. Akatega tena, mpaka akafika chini, kwenye beringi. Hapo alikaa muda mrefu.

"Moyo upo," akasema. "Na unadunda kwa furaha. Nani alimpa pete?"

Wifi akamwangalia kaka yake. Mshonaji pia akamwangalia.

"Mume wangu," akasema Mshonaji polepole. "Kopo langu la vifungo. Nilidhani nimeipoteza mwenyewe. Nimeitafuta kwa mkono huu mfu siku tatu."

"Ilikuwa haikutoshi," Fundi akasema. "Ilipungua kijiko kimoja tu."

"Na ulimwambia nini wakati unammiminia?" mkunga akauliza.

Fundi akatazama chini. Akasema. Alipoyatamka yale maneno, wifi alijishika kichwa.

"Sawa," mkunga akasema, kama mtu aliyeambiwa mimba ina miezi mingapi. "Jini huyu alikuwa amelala tu humo, huenda tangu kwa mwenye msumeno wa kwanza. Wewe umemwamsha, ukamvisha pete ya mwenzake, ukamkubali kwa kauli. Yeye anajua ni mke halali, na huyu mwingine ndiye mwizi. Baridi ikifika moyoni, nyumba inabaki na mke mmoja. Utamwacha. Mkono juu ya chuma, mkeo akisikia, useme nimekuacha, mara tatu. Ukishasema, tunaitoa hiyo beringi."

"Nitamimina nyingine," Fundi akasema haraka.

"Humimini kitu. Atabaki kuwa chuma, na chuma utakitoa nje ya nyumba hii leo."

Fundi akaufuta uso. Akasogea, akaweka mkono juu ya shingo ya msumeno.

"Nimekuacha," akasema.

Kibanda kizima kikapata baridi, asubuhi hiyo hiyo yenye jua, na mabati juu yakalia kama yanayokanyagwa, na gurudumu likarudi nyuma nusu duara. Mshonaji akashtuka. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kinamwasha, damu inarudi.

"Endelea," mkunga akasema chini chini. "Usimwangalie."

"Nimekuacha."

Kiganja kikapata joto mpaka kifundoni. Mshonaji alikikunja, akakikunjua, na akacheka kwa mshangao kama mtoto, kwa kuwa alihisi uzi wa khanga yake chini ya vidole kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Kilibaki kidole kimoja tu, cha pete. Na lilibaki neno moja.

Mngetegemea jini lipige kelele sasa, litishe, lirushe vitu. Halikufanya hivyo. Liliwaka tu. Ukanda uko msumarini, umeme umekatwa, na magurudumu yakaanza kuzunguka, kwanza taratibu, halafu kwa mwendo wake wa kazi, na utepe ukashuka unang'aa, na hapakuwa na sauti isipokuwa ile pumzi, ndefu, tulivu, pumzi ya kitu kilichotengenezwa vizuri na kutunzwa vizuri na kinachomjua aliyekitunza, na mkono wa Fundi ukiwa bado juu yake, na uso wa Fundi ukalegea, na macho yake yakajaa vilevile yalivyojaa siku ile ya kwanza.

"Hebu sikilizeni inavyozunguka," akasema.

"Sema neno la tatu," mkunga akamwambia.

"Hata mtikisiko hakuna."

"Kaka," wifi akasema. Akamvuta shati. "Kaka, sema. Mkeo anakufa."

"Nitasema. Si nimeshasema mawili? Nimalize kitanda kwanza, zimebaki mbao nne tu. Kesho nitasema."

Mkunga akafunga mkoba wake.

"Mwanangu," akamgeukia Mshonaji, "jini ningelitoa. Nilikuwa nalitoa, umeona mwenyewe. Hili lililobaki si jini."

Mshonaji alimtazama mumewe. Hakumwona mtu aliyeshikwa na kitu. Alimwona Fundi, yule yule, akili timamu, anayejua kabisa anachochagua. Wivu ulimpanda mpaka masikio yakaziba. Angependa kuchukua nyundo. Badala yake alisogea, akasimama mbele ya msumeno, karibu kabisa na meno, na alizungumza nao kama mwanamke na mwanamke.

"Mchukue," akasema. "Nimekupa. Simdai tena."

Utepe ukazunguka. Haukumgusa. Kidole cha pete kikapata joto pale pale, joto la kawaida la damu, na ule mduara mweupe ukafutika mbele ya macho yao. Fundi hakugeuka. Alikuwa ameshachukua ubao wa kwanza kati ya zile nne.

Walitoka watatu. Wifi alibeba cherehani kichwani, mkunga akabeba vitambaa vya watu, na Mshonaji akabeba begi lake kwa mkono wa kushoto, kwa makusudi, ahisi uzito. Mbele ya lango mkunga aliwaaga, akamwachia wifi vile vitambaa, akaenda zake. Mshonaji alikuwa mzima. Mkono ulifanya kazi, na kwa wifi palikuwa na chumba chenye mwanga wa kutosha kushona.

Kutoka kule nyuma ile pumzi ilikatika. Wakamsikia Fundi anaongea. Maneno hayakusikika, sauti tu, ile ya chini ambayo mume huongea na mkewe mlango ukishafungwa. Kisha mwanamke akacheka, kidogo, kwa mkwaruzo, na Fundi akacheka naye.

Mshonaji alisimama.

"Miaka ishirini na sita," akasema. "Hajawahi kunisemesha hivyo."

"Twende, wifi."

"Anamwambia nini?"

Wifi akatua cherehani chini, barabarani, vitambaa vya watu vikaanguka mavumbini, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili na kumvuta kwa nguvu zake zote, maana aliona mguu mmoja wa mwenzake umeshageuka kurudi ndani.